Fizi-Baraka: Macho ya manjano ya mtoto si sumu ya jirani, ni maji anayonyweshwa

Kunako mji wa Baraka na vijiji vya wilaya ya Fizi, mtoto akigeuka manjano machoni, maneno huanza kabla ya matibabu. Mmoja anasema ni sumu ya jirani. Mwingine anasema ni malaria iliyozidi. Wa tatu anamtuma mama kwa mganga wa kienyeji, mtoto apewe dawa ya kutapisha. Jirani anachukiwa, mbuzi anauzwa, mtoto anatapika hadi anaishiwa nguvu. Na maji yaliyomletea ugonjwa bado yako ndani ya bidoni nyuma ya mlango, ndugu zake wanaendelea kuyanywa.

Ugonjwa huo una jina. Unaitwa hepatiti, yaani uvimbe wa ini unaoletwa na virusi. Virusi hivyo ni vya aina kadhaa, lakini aina mbili, A na E, zinapita njia ileile ya kipindupindu: zinatoka katika kinyesi cha mtu mwenye virusi, zinaingia majini, mikononi na katika chakula, kisha zinafika mdomoni mwa mwingine. Mtoto anapata homa, anakataa kula, anatapika, tumbo linamuuma, mkojo wake unakuwa mweusi kama chai kali, halafu macho yanageuka. Katika safari hiyo yote hakuna mkono wa mchawi. Kuna choo kilichojaa, mvua inayokifurisha, na kisima kisicho na kifuniko.

Wakaaji wa Fizi wanakijua kipindupindu vizuri, maana kinarudi karibu kila mwaka. Kinamwangusha mtu kwa saa au siku chache, na kila mtu anaona. Hapo hema zinasimamishwa, klorini inagawiwa, matangi yanaletwa, redio zinatangaza. Hepatiti haina haraka kama hiyo. Ile ya A inakaa mwilini siku 14 hadi 28 kabla ya dalili kuonekana, na ile ya E wiki 2 hadi 10. Macho yakigeuka manjano leo, maji yaliyoleta ugonjwa yalinywewa wiki mbili zilizopita au zaidi. Siku hiyo tangi huenda limekwisha kuondolewa, mradi umefungwa na ripoti imetumwa kwa wafadhili. Kwa hiyo msaada wa maji unaokuja na kipindupindu na kuondoka nacho ni nusu ya kazi. Nusu hiyo isiitwe ushindi.

Tena watoto wengi walio chini ya miaka 6 wanaoambukizwa hepatiti A hawaonyeshi dalili yoyote. Wanacheza, wanakula, na huku kinyesi chao kinasambaza virusi. Basi kiongozi anayesema "hapa hatujaona manjano" hajathibitisha kwamba maji ya hapa ni safi.

Kosa lingine liko upande wa ofisi. Mgonjwa mwenye homa na macho ya manjano anaandikwa kama mtu anayeshukiwa kuwa na homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu, na damu yake inapimwa kunako maabara ya taifa, INRB, mjini Kinshasa. Ni jambo zuri. Lakini jibu likirudi "si homa ya manjano", kazi haijaisha. Watafiti walichunguza damu 498 za Wakongomani walioshukiwa kuwa na homa ya manjano kati ya 2003 na 2012 na wakakutwa hawana. Katika damu 218 kati ya hizo walikuta alama za virusi vya hepatiti. Kwa wagonjwa hao, jibu la "hapana" lilipaswa kufungua swali lingine, si kufunga daftari.

Wako wanaosema hepatiti haiui, inaisha yenyewe. Ni kweli watoto wengi wanapona baada ya wiki kadhaa, bila dawa maalum. Lakini waulizwe watu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Huko wananchi walikuwa wamerundikwa kambini kwa sababu ya vita vya LRA. Hepatiti E ilizuka mwaka 2007, na hadi 2009 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua na karibu 160 kufariki. Walioangamia zaidi ni wanawake wajawazito na watoto walio chini ya miaka 2. Mwaka 2012 ugonjwa huohuo uliingia kambi za wakimbizi za Dadaab, nchini Kenya. Pande zote mbili kulikuwa na watu wengi, vyoo vichache na maji kidogo.

Picha hiyo si ngeni kwa wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda tangu 2015, wala kwa walioko Mulongwe. Si ngeni pia kwa wahami wa ndani ambao hawakai kambini bali kwa jamaa zao, ambako choo cha nyumba moja kinageuka choo cha nyumba tatu.

Viongozi watajibu kwamba kuna vita. Ni kweli. Mwezi Desemba 2020, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilitangaza kuondoka Fizi baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa mara kadhaa. Waliowapiga risasi waganga wana sehemu yao katika vifo vya watoto, na wasijiite watetezi wa raia. Lakini kodi haisubiri amani. Kwa nini maji yasubiri? Kifungu cha 48 cha Katiba ya Kongo kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na hakikuandika "isipokuwa Fizi".

Basi meya wa Baraka na msimamizi wa wilaya watangaze redioni ni visima na mabomba gani yanafanya kazi, ni yapi yamekufa, na nani anawajibika. Maeneo ya afya ya Fizi na Nundu yahesabu kila mtoto mwenye macho ya manjano na kuwaeleza wananchi idadi bila kuificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mashirika yanayoleta tangi yasiondoke kabla ya kuacha kisima kilichofunikwa, vipuri na kamati inayojua kukitengeneza. Chanjo ya hepatiti E ilitumika kupambana na mlipuko kwa mara ya kwanza mwaka 2022 kunako Bentiu, Sudan Kusini, lakini hakuna chanjo inayochukua nafasi ya choo.

Wazazi nao wasidanganyike. Chanjo ambayo mtoto anapata akiwa na wiki 6, 10 na 14 inamkinga na hepatiti B, si A wala E. Mtoto mwenye manjano apelekwe kituo cha afya. Asipewe dawa ya kutapisha wala majani, na paracetamol asipewe bila kipimo cha muuguzi, kwa sababu ini lake tayari limechoka. Aendelee kunyonya na kunywa. Akilala sana, akichanganyikiwa, akitoka damu au kutapika kila kitu, ni hospitali mara moja. Hivyohivyo kwa mama mjamzito mwenye macho ya manjano, maana hepatiti E inaweza kumuua katika miezi mitatu ya mwisho. Nyumbani maji yachemshwe hadi yatokote, mikono ioshwe kwa sabuni au majivu, na kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni.

Kabla ya kumnyooshea jirani kidole, familia ijiulize mambo matatu: maji haya yametoka wapi, yalichemshwa, na choo kiko umbali gani na kisima? Swali la nne waulizwe viongozi, mbele ya watu wote: tangi lililokuwa hapa wakati wa kipindupindu limekwenda wapi?