Karatasi, Vibonzo na Chuki
Na Rashidi Mkwizu

Jarida la watoto liitwalo Le Téméraire, yaani Jasiri, lilichapishwa Paris kuanzia Januari 1943 hadi Agosti 1944, Ufaransa ilipokuwa ikikaliwa kwa mabavu na Ujerumani, na katika matoleo yake yote 38 lilipendeza kwa rangi, michezo, makala za sayansi na vibonzo, yaani hadithi zinazosimuliwa kwa michoro inayofuatana. Hatari yake ilijificha katika uzuri huo. Katika hadithi ya safari za angani iliyochorwa na Auguste Liquois, adui mkuu, Goul, alipewa sura ileile ambayo mabango ya Wanazi yaliwabandika Wayahudi, hivyo kwamba mtoto hakuhitaji kuhubiriwa chuki, bali ilitosha amwogope mhusika mmoja na kuwashangilia waliompiga. Ikumbukwe kuwa miezi sita tu kabla ya toleo la kwanza, polisi wa Ufaransa wenyewe walikuwa wamekamata Wayahudi wapatao 13,000 wa Paris na vitongoji vyake, wakiwamo watoto zaidi ya 4,000, ambao baadhi yao huenda waliketi dawati moja na wasomaji wa jarida hilo.

Wanaoeleza mvuto wa jarida hili kwa ustadi wa wachoraji pekee wanasahau karatasi. Bidhaa hiyo ilikuwa adimu na iligawiwa kwa kibali, vibonzo vya Marekani vilipigwa marufuku, na majarida kama Le Journal de Mickey yalikuwa yamehamia kusini mwa nchi; kwa hiyo mtoto wa Paris hakulichagua Le Téméraire, bali alilikuta karibu peke yake kwenye kibanda cha magazeti.

Baada ya ukombozi, Liquois huyohuyo alichora visa vya kijana mpiganaji wa msituni dhidi ya Wajerumani, katika Vaillant, jarida la Wakomunisti. Nchi ilikuwa na haraka ya kusahau, na haraka hiyo inaonekana hata katika sheria ya Julai 1949 kuhusu machapisho ya vijana, ambayo ilikataza kusifia ujambazi, uongo, wizi, uvivu, woga, chuki na ufisadi, ikishinikizwa zaidi na hofu ya vibonzo vya Marekani. Ubaguzi wa kikabila na kimbari haukutajwa kwa jina mpaka sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 1954.