Tembea Uone: Lakini Tuone Nini Dar es Salaam?

Tembea uone, walisema wahenga wetu. Maneno hayo yafaa kukumbukwa kila msimu wa ziara za wanafunzi unapowadia, wakati mabasi ya kukodi yanapotoka mikoani kuelekea Dar es Salaam yakiwa yamejaa watoto wanaoimba. Katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, kama vile Magole wilayani Kilosa, mzazi hutoa mchango wa ziara kutokana na gunia la mahindi au tenga la nyanya. Mchango huo ni jasho lake. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza: mtoto wangu anakwenda kuonyeshwa nini?

Jibu, mara nyingi, si la kuridhisha. Basi huingia mjini jua likiwa limekwisha panda, likakwama katika foleni ya magari, kisha watoto wakashushwa Kariakoo ili wanunue viatu. Kutoka hapo huenda ufukweni, wakapiga picha mbele ya ghorofa refu, na usiku wakarudi kwao. Kesho yake husimulia kwamba mji ule ni mkubwa, una taa nyingi na watu hawasalimiani. Ukiwauliza mji huo ulitoka wapi, unakunywa maji ya wapi na unalishwa na nani, wananyamaza.

Jambo hili si dogo. Kijana aliyeonyeshwa taa bila kuonyeshwa kazi inayoziwasha ndiye yule yule ambaye, akimaliza shule, hujaza nguo chache katika begi na kupanda basi asubuhi bila kuaga. Sisi watu wazima humlaumu kwamba amekikimbia kijiji. Lakini je, hatukumfunza sisi wenyewe kwamba maisha yako huko na kwao hakuna kitu?

Ni kweli kwamba Dar es Salaam humchanganya mgeni. Bodaboda hupita kushoto na kulia, makondakta hupiga kelele, bidhaa zimetandazwa hadi katikati ya njia, na mitaa mingi haina mpango unaoonekana kwa macho. Lakini kila vurugu ina chanzo chake, na kazi ya mwalimu ni kukieleza chanzo hicho. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake karibu na hapo. Mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao. Wao, na Waingereza baada yao, wakaugawa kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuwatenga. Mji uliokusudiwa kuwafaa wachache ulikuwa na watu 272,821 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mwanafunzi akiyaelewa hayo, ataitazama foleni kama hesabu inayosubiri kutatuliwa, na pengine atatamani kuwa mmoja wa watakaoitatua.

Tena vitu vya kutazama havihitaji fedha nyingi. Asubuhi moja ya kutembea kwa miguu yatosha kuanzia Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia vita vya wakubwa wa Ulaya. Hapo mwalimu amweleze mtoto kwamba hata jina la Kariakoo, ambalo kwake lina maana ya viatu na simu, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Wengi wao walitolewa vijijini, wakabeba mizigo ya watu wengine, na hawakurudi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Makumbusho ya Taifa katika mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Humo mtoto atakutana na habari za Zinjanthropus, ambaye fuvu lake liligunduliwa Olduvai mwaka 1959, na ataona ukumbusho wa watu waliouawa kwa bomu tarehe 7 Agosti, 1998. Magomeni ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Ni nyumba ya kawaida, na ukawaida wake ndio somo. Walimu wetu wangefanya vyema kuwaeleza watoto kwamba mtu mwenye mshahara wa uhakika aliuacha kwa ajili ya jambo ambalo hakuwa na hakika ya kuliona.

Kariakoo nayo isiachwe, ila isomwe. Jengo la soko lile, lenye paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ni kazi ya msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 liliungua. Novemba 2024 ghorofa moja katika mitaa hiyo hiyo liliporomoka na kuua watu. Mtoto anayejua yote hayo atajua kwamba mji hujengwa kwa akili, na kwamba akili na uangalifu vikikosekana, mji huua.

Baada ya kuona mji, aonyeshwe mkono wa kijiji chake ndani ya mji huo. Maji ya mabomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Nyanya, vitunguu na mkaa unaopikia chakula cha jiji hupita barabara ile ile inayopita Magole na Dumila. Mkulima akikata miti ovyo kando ya mto, mkazi wa Manzese huona bomba lake likitoa hewa. Mtoto wa Magole akiambiwa hivyo, hatajiona mgeni mjini. Atajua kuwa yeye ni mmoja wa wanaouendesha mji huo.

Hata maafa yao ni ndugu. Desemba 2011 mvua ilijaza bonde la Msimbazi, watu wakafa na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Januari 2014 maji yalifunika nyumba Magole na Dumila, yakaikata barabara kuu darajani, na wananchi wakalala katika mahema. Mwalimu akiwasimamisha wanafunzi wake Jangwani na kuwauliza maji haya yana njia ipi, watamjibu kwa uzoefu ambao mtoto wa ghorofani hana. Je, kuna somo la jiografia lililo bora kuliko hilo?

Nchi nyingine zina matatizo yetu na kuzidi. Jakarta, mji mkuu wa zamani wa koloni la Waholanzi na baadaye wa Indonesia huru, una foleni, mafuriko na ardhi inayodidimia. Wenzetu hao, kama sisi tulivyoamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, wametunga sheria mwaka 2022 ya kujenga makao makuu mapya, Nusantara. Hata hivyo hawakuuacha mji wa zamani uwe wa biashara tupu. Jumba la halmashauri ya Waholanzi wamelifanya makumbusho ya historia. Msikiti wa Istiqlal, uliosanifiwa na Mkristo, umesimama ukitazamana na kanisa kuu la Kikatoliki, na mgeni huambiwa habari hiyo kabla hajaambiwa mahali pa kununua vitambaa. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Bangkok na Guangzhou kufuata bidhaa wangetusaidia sana iwapo wangerudi pia na maarifa ya namna miji hiyo inavyojieleza kwa wageni.

Wapo watakaosema kwamba watoto wanahitaji kufurahi, na kwamba ziara si darasa. Wana haki. Hakuna ubaya mtoto kuonja bahari, wala kupanda basi la mwendokasi lililoanza kazi mwaka 2016. Lakini furaha na maarifa havigombani. Wengine watasema mwalimu mwenyewe hajui historia ya mji. Hiyo ndiyo sababu ya kuisoma kabla ya kukodi basi. Ziara inayotayarishwa kwa wiki mbili darasani, ikawa na maswali matano ya kila mwanafunzi kujibu, na ikamalizika kwa kila mmoja kusimulia mbele ya wazazi waliochanga, itazaa zaidi ya ziara tatu za kubahatisha. Afisa elimu anayepitisha kibali cha ziara angeanza kwa kuomba kuona maswali hayo.

Na watumishi wa mjini nao wageuze uso. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha abiria Morogoro, Kilosa hata Dodoma kwa muda mfupi kuliko basi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuona shamba la nyanya ana upungufu ule ule wa mwenzake wa Magole asiyejua Mnazi Mmoja. Ni ajabu kwamba tunawapeleka watoto wa shamba kuutazama mji, lakini hatuwapeleki wa mjini kumtazama anayewalisha.

Mzazi aliyeuza gunia la mahindi amekwisha timiza wajibu wake. Uliobaki ni wetu, walimu na watumishi: kuhakikisha kwamba gunia hilo limenunua macho ya mtoto, na si jozi ya viatu tu.