Mwalimu wa pili kwanza

Ndugu mwandishi, rai yako ya kwamba kila mtoto afundishwe kwa kadiri ya fahamu na mwendo wake naiafiki kwa dhati, na jaribio lake kubwa limekwisha fanyika humu nchini, kwani tangu mwishoni mwa 2017, katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto takribani 2,700, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani, walipewa vishikwambi wakajisomea Kiswahili wenyewe kwa miezi 15, hata ilipofika Mei 2019 programu za Kitkit School na onebillion, zilizokuwamo katika vishikwambi hivyo, zikagawana tuzo ya dola milioni 10.

Ni jambo la kushukuriwa. Walakini huku kwetu Itaka, mtoto aliyelelewa kwa Kinyiha, akaja kukikuta Kiswahili darasani, hana haja ya kungojea kishikwambi: punje za kahawa za kuhesabia, vizibo vya soda, na vipande vya boksi vilivyoandikwa silabi kwa wino mzito humwezesha mwalimu kumpa aliyetangulia shughuli yake, naye akamwinamia aliyebaki nyuma, akamsikiliza anavyotamka “ba” na “be” mpaka aone ulimi unapokwama. Mtoto asikilizwaye hivyo hujithamini, akathubutu kuuliza. Lakini mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika atamsikiliza nani?

Nawasihi wakubwa wa elimu wa mkoa wetu wa Songwe: kabla ya mitambo, tupeni mwalimu wa pili katika kila darasa la kwanza.