Goti la ndugu si mchezo

Sisi wanafunzi tunapenda mpira, na mchezo wa video tunaupenda vilevile. Lakini kuna mmoja unatupasa kuufikiri: Blitz: The League, wa mwaka 2005. Ni mpira wa Marekani, ule wa kukimbia nao mkononi. Mwaka 2004 ligi yao kubwa, NFL, iliachia kampuni EA peke yake ruhusa ya kutumia majina yake. Basi kampuni Midway ikatunga ligi yake ya uongo, yenye kamari na madawa ya nguvu, kama filamu ya majambazi.

Wengine wanasema: ule ni mchezo tu, tena maovu hayo yako kweli. Ndiyo, kuyaonyesha si kosa. Kosa ni kuyalipa. Mule mchezaji akiumia, unaweza kumpiga sindano arudi upesi, hata kama ataumia zaidi. Australia iliukataa kwa sababu ya madawa hayo.

Hapa kwetu sindano hakuna. Lakini kapiteni akimwambia mwenye goti bovu: «Ingia tu, utapona kesho», wazo si lilelile? Video inaanzishwa tena kwa kidole. Goti la ndugu, hapana.