Kabla Hujauza Baiskeli ya Babu

Mwenzetu mmoja hapa kazini nusura auze baiskeli ya babu yake kwa shilingi 4,500. Baiskeli yenyewe ilikuwa imening'inia stoo kule Nakuru kwa miaka mingi, tairi zimepasuka, vumbi limeshika kila mahali. Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu akapita, akaiinua kwa mkono mmoja, akacheka. "Kijana, hii ni nyepesi sana, haina chuma ya maana. Nakupa elfu nne na mia tano, tena kwa heshima ya mzee."

Mwenzetu alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Namba ya simu alikuwa ameshaitaja, anangoja tu pesa iingie. Kilichomwokoa ni shangazi yake, aliyetoka jikoni na kuuliza swali moja: "Unauza kwa ruhusa ya nani?"

Sisi kazi yetu ni kuelimisha wateja kuhusu pesa kwenye simu, na kwa kawaida tungeanza na habari ya PIN. Leo tunaanza mbali kidogo. Maoni yetu ni haya: anayeuza kitu cha urithi anaweza kupoteza pesa mara tatu kabla jua halijatua. Anapoteza anapokubali bei ya kukisia, anapoteza anaporuka familia, na anapoteza anapoamini ujumbe wa simu bila kuangalia salio. Na mara zote tatu kinachomponza ni haraka.

Raleigh zote si sawa

Tuanze na bei. Wengi wetu tukisikia "baiskeli ya zamani" tunaona Black Mamba: nyeusi, keria nyuma, breki za vyuma, uzito wa kilo 20 hivi. Basi tunapima kila baiskeli kwa kipimo hicho. Lakini babu wa mwenzetu, aliyekuwa karani wa reli, alikuwa akishindana mbio za wikendi. Yake ilikuwa baiskeli ya mashindano, uzito kama nusu ya Black Mamba. Ule wepesi ambao mnunuzi wa chakavu aliutumia kushusha bei ndio uliokuwa sababu ya kuipandisha. Mwenye kupima kwa mizani hawezi kukwambia thamani ya kitu kilichotengenezwa kiwe chepesi.

Jina pia linachanganya. Kwenye fremu iliandikwa Raleigh, na Raleigh wengi wetu tunaijua kama baiskeli ya mwalimu au ya kubeba maziwa. Kampuni hiyo ya Nottingham, Uingereza, ilitengeneza hizo kweli, lakini ilitengeneza na za mashindano ya juu kabisa. Mwaka 1980 Joop Zoetemelk wa Uholanzi alishinda Tour de France akiwa kwenye timu ya Raleigh. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Ni kama kusema "nauza shamba" bila kusema liko wapi.

Yanayotosha ni mambo madogo ambayo ukiyatafuta utayaona. Mwenzetu alichukua kitambaa chenye maji kidogo, akafuta taratibu. Karibu na kiti kukatokea kibandiko kilichoandikwa Reynolds 531. Hilo ni jina la mabomba ya chuma cha aloi kutoka Birmingham, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kutumiwa na mafundi wa baiskeli za mbio kwa miongo mingi. Gia ya nyuma ilikuwa na jina Campagnolo, kampuni ya Italia, na chini yake neno PATENT likifuatwa na tarakimu mbili: 74. Kwenye gia za aina hiyo tarakimu hizo hudokeza mwaka. Haimaanishi fremu nayo ni ya mwaka huo huo, maana gia hubadilishwa, lakini sasa una pa kuanzia. Namba ya fremu nayo hugongwa kwenye chuma, mara nyingi chini pale krenki zinapopita au nyuma karibu na gurudumu. Iandike na uipige picha.

Sasa, jambo ambalo tunalisema kwa herufi kubwa ingawa hatutaziandika hivyo: usipake rangi. Usipeleke kwa fundi wa jua kali aipulizie nyekundu mpya ing'ae. Usisugue kwa waya. Wanaonunua baiskeli hizi wanataka rangi ile ile ya kiwandani hata kama ina mikwaruzo. Ukiifuta, umefuta ushahidi, na bei imeondoka nayo.

Baada ya hapo mwenzetu aliingia kwenye mtego wa pili, ambao ni kinyume cha ule wa kwanza. Aliona kwenye mtandao baiskeli kama hiyo inauzwa Ulaya kwa pesa nyingi mno, akaanza kuota laki na zaidi. Tukamwambia: bei iliyotajwa si bei iliyolipwa. Yeyote anaweza kutaja milioni. Tafuta zile ambazo zimeshauzwa, kisha utoe gharama ya kuisafirisha, utoe na kasoro za ile uliyo nayo.

Akaipeleka kwa mwendeshaji mzoefu Nairobi. Usidhani wajuzi wako ng'ambo peke yao. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifundwa na David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara 4. Hapa nyumbani wapo watu wanaozijua baiskeli hizi kwa kuzigusa tu. Yule mwendeshaji akaikagua: gurudumu moja si la asili, nguzo ya kiti imeng'ang'ania ndani ya fremu, kuna kutu chini lakini hakuna ufa. Akataja kati ya elfu 30 na 40. Si 4,500, na si laki. Ukweli wa bei mara nyingi unakaa katikati, mahali ambapo mwenye haraka hafiki.

Babu hakuwa na mrithi mmoja

Turudi kwa swali la shangazi. Mwenzetu aliamini baiskeli ni yake. Ndiye aliyekaa na babu stoo akimshikia spana, na mzee alikuwa akimwambia, "Hii ni yako." Lakini hakuna mahali palipoandikwa. Na shangazi ndiye mahakama ilimpa barua za usimamizi wa mirathi.

Hapa tutasema wazi hata kama itauma. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kuuza au kujiingiza katika mali ya marehemu bila kuruhusiwa na sheria. Haisemi ni shamba tu. Anayekiuka anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo mjukuu akiuza stoo kimyakimya, hata kwa nia njema, amejiweka pabaya, na kibaya zaidi ni yale yatakayosemwa kila Krismasi mkikutana. Tumeona familia zikigombana si kwa sababu pesa ilikuwa nyingi, bali kwa sababu mtu mmoja alijua na wengine hawakujua.

Kwa hiyo piga simu kwanza, taja bei baadaye. Mwulize msimamizi wa mirathi. Kama hakuna, kaeni chini, na mkiwa na shaka muulizeni wakili. Mwenzetu na shangazi walikubaliana mambo matatu: bei ya chini kabisa ni elfu 30, pesa itaingia kwenye simu ya shangazi, na itagawanywa siku hiyo hiyo kwa watoto watatu wa babu. Yeye mwenyewe angepata kitu kupitia kwa baba yake, baba akipenda. Hakufurahi. Lakini alikubali, na tunadhani alifanya vyema.

Ujumbe si pesa

Mnunuzi wa kwanza alikuja na tabasamu na haraka nyingi. Akakubali elfu 40 bila hata kupunguziwa. Dakika moja baadaye simu ya shangazi ikalia: ujumbe, umepokea 45,000. "Eh, nimetuma na elfu tano zaidi kimakosa, mama. Nirudishie tu hiyo tano, niko na safari."

Shangazi hakubishana. Alifungua menyu, akaangalia salio mwenyewe. Lilikuwa pale pale. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, umeandikwa ufanane na wetu. Alipoinua macho, mnunuzi alikuwa ameshafika kwenye geti.

Hebu tukumbushane, maana hii ndiyo kazi yetu. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote. Salio haliandikwi na mnunuzi. Usiachilie mali mpaka salio lisogee. Mtu akisema ametuma zaidi, usimrudishie kutoka mfukoni mwako. Mwambie afuate utaratibu wa kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Akisema ulipe kwanza "ada ya gari la kubeba", huyo si mnunuzi. Na PIN yako haihitajiki kupokea pesa, kamwe. Pia mwandikiane karatasi fupi: majina, namba za vitambulisho, namba ya fremu, bei, tarehe. Itakusaidia mtu akidai kesho kwamba alituma kwa makosa.

Mnunuzi wa pili alilipa 36,000, pamoja na ya kutoa. Shangazi akaangalia salio, akakuta limeingia, na pale pale mezani akatuma 12,000 kwa kaka yake, 12,000 kwa dada yake, akabaki na 12,000. Kila mmoja akapata ujumbe wenye saa na kiasi. Hii ndiyo sababu sisi tunapendelea pesa ya urithi ipite kwenye simu badala ya bahasha. Bahasha haina kumbukumbu. Miaka mitano ijayo mtu akiuliza "ile pesa ya baiskeli ilienda wapi?", jibu lipo.

Wapo watakaosema haya yote ni mengi mno kwa baiskeli moja. Labda. Lakini anayejizoesha kuuliza, kushirikisha na kuangalia salio kwa kitu cha elfu 36, hatababaika siku ya kuuza ploti.

Kitu kimoja hakikuuzwa. Shangazi aliomba abaki na pampu ndogo iliyokuwa imebanwa kwenye fremu, kwa kuwa utotoni yeye ndiye aliyejaza upepo kabla ya mbio. Mnunuzi hakudai punguzo. Nasi tunakushauri hivyo hivyo: kabla ya kutaja bei, ulizia nyumbani kama kuna kipande ambacho mtu angependa kubaki nacho.