Kamanda Spicer-Simson na Haki ya Wapagazi

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kumsifu Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, afisa ambaye kabla ya Vita Kuu vya Kwanza hakuwa amejipatia fahari kubwa, umewasahau wale ambao lau si jasho lao asingaliliona Ziwa Tanganyika. Mashua zake mbili, Mimi na Toutou, zilipakiwa melini Uingereza mwaka 1915, zikateremshwa Cape Town, zikachukuliwa kwa garimoshi hata Kongo, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba. Na waliofyeka njia, wakajenga madaraja na kuvuta kamba pamoja na ng'ombe walikuwa mamia ya Waafrika ambao majina yao ni nadra kutajwa. Kweli, tarehe 26 Desemba 1915 Kamanda aliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari iliyofuata akaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ama ile meli yao kubwa, Graf von Götzen, hakuthubutu kuikabili, na Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916. Hata hivyo, Kamanda alitunukiwa nishani. Nakusihi, utakapoandika tena, uwape wapagazi hao haki yao.