Nairobi hadi New York: hesabu zinazowapotosha wasafiri

Tangu safari za ndege za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York zianze Oktoba 28, 2018, hesabu za safari hiyo zimezagaa kila mahali, na nyingi si sahihi. Wanaozitegemea ni pamoja na wazee wanaokwenda kuwaona wajukuu wao, ndiyo maana sioni sababu ya kuzinyamazia.

Ya kwanza inasema njia fupi ni ule mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani, unaopita Nigeria na Burkina Faso. Sivyo. Chukua tufe la darasani, nyoosha uzi kutoka Nairobi hadi New York: utapanda Sudan Kusini, ukate Chad na Algeria, utokee pwani ya Morocco ndipo uvuke Atlantiki. Hizo ni takriban kilomita 11,800. Mstari wa ramani bapa ungeongeza zaidi ya 300. Hata njia ya uzi haifuatwi hatua kwa hatua, kwa sababu marubani hukwepa dhoruba na anga za nchi zenye vita.

Wengine hugawanya kilomita kwa mwendo. Boeing 787 hukata karibu kilomita 900 kwa saa, basi wanapata saa 13. Lakini ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na foleni ya kuruka, kupaa na kushuka. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14.

Kwa nini kurudi ni haraka? Hapa kuna dai lililoota mizizi: ati dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo anayeruka magharibi anafuatwa na mji anaouendea. Kama ingekuwa hivyo, kwenda ndiko kungekuwa haraka! Ni kweli ardhi ya ikweta huzunguka kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, lakini hewa nayo huzunguka pamoja nayo, na ndege pia, hata kabla haijaacha lami. Helikopta inayoelea juu ya Nairobi haijikuti Kongo baada ya saa moja. Kinachopunguza au kuongeza muda ni upepo mkali unaovuma kutoka magharibi juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, na huzidi nguvu majira ya baridi. Ndege inayokwenda hupambana nao, inayorudi husukumwa.

Eti ndege hiyo hujazwa pomoni kila mara? Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na mafuta ya safari ndefu ni mazito. Uzito mwingine lazima upunguzwe.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kusoma tiketi: kuondoka saa sita usiku, kufika saa moja asubuhi, basi safari ni saa saba. Saa hizo ni za miji miwili. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi, na 7 majira ya joto. Saba na nane ni 15. Mama mwenye kisukari aliyepanga dawa na chakula cha saa saba, akaweka dawa nyingine kwenye begi lililokwenda tumboni mwa ndege, yumo hatarini. Amwone daktari kabla ya safari, apangiwe dozi kwa saa 15, na dawa zote azibebe mkononi.